Hujamaliza

Jamaa alisimama mlangoni mwa kibanda changu pale Manzese, mikono nyuma, akaitazama picha kama dakika mbili hivi bila kusema neno. Halafu akasogea. Akasogea tena mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi. Akarudi nyuma. "Mdogo wangu," akasema, tena kwa upole kabisa, "hii hujamaliza."

Ilikuwa mwaka 2017. Alikuwa ameniletea picha ya marehemu baba yake, ile ndogo ya kitambulisho, imechakaa pembeni, akataka nimchoree kubwa ya kutundika sebuleni kabla ya arobaini. Mzee amevaa kofia na koti, jicho moja dogo kidogo kuliko jingine, uso wa mtu aliyezoea kungoja. Nikaipenda sura ile. Usiku mmoja umeme ulikuwepo mpaka alfajiri, nikaichora yote kwa mkupuo, rangi juu ya rangi kabla ya ile ya chini kukauka, koti nikalipiga kwa brashi pana mapigo kama manane tu. Ukikaa mbali lile lilikuwa koti, na mzee alikuwa mle ndani anapumua. Ukisogea, ni matope.

Sasa akaniuliza swali ambalo, vijana wenzangu, nawaomba mlikariri: umetumia siku ngapi? Nami kwa ujinga wangu nikamwambia ukweli. Usiku mmoja, kaka. Akaguna, akatoa nusu ya hela tuliyopatana, akasema nyingine nitaikuta nikimaliza.

Nikamaliza. Nilichukua brashi ndogo ile ya kuandikia namba za simu kwenye mabango, nikakaa siku tatu nalainisha mashavu, nikaweka vifungo vya koti kimoja kimoja, nikachora mpaka nyuzi. Mzee akafa mara ya pili, safari hii mikononi mwangu. Mwanawe alikuja akafurahi, akanipa mshiko wote na nauli ya daladala juu yake. Picha ile ya kwanza siwezi kuiona tena, iko chini ya hiyo ya pili.

Tangu siku hiyo nilianza kumtafuta mtu mwingine yeyote aliyewahi kuambiwa neno lile. Nikawakuta wengi, karibu wote wamekufa, na mmoja alilipeleka mahakamani.

Huyo ni James McNeill Whistler, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1834 na kuhamia London. Alikuwa mtu wa maneno, mpenda ugomvi, wa kujipamba. Kwa kifupi si mtu ambaye ungependa awe jirani yako. Lakini usiku alikuwa anautazama kweli kweli. Karibu na nyumbani kwake Chelsea, kando ya mto Thames, palikuwa na bustani ya starehe ikiitwa Cremorne, na humo walikuwa wakirusha fataki. Kwenye mwaka 1875 akachora fataki moja ikianguka gizani. Picha yenyewe si kubwa, urefu wake kama sentimeta 60. Aliitengeneza rangi nyepesi, ya majimaji, akaipaka nyeusi yenye ubuluu na ukijani hapa na pale, kisha juu yake cheche: vidoa vya njano na chungwa, vingine kama vimedondoka bahati mbaya. Watu waliosimama chini ni vivuli unavyoweza kuona mandhari kupitia miili yao. Akaiita *Nocturne in Black and Gold: The Falling Rocket*.

Mwaka 1877 ikatundikwa kwenye jumba la Grosvenor Gallery, bei gini 200. Gini moja ilikuwa pauni na shilingi moja, kwa hiyo piga hesabu, pauni 210. Akaja kuiona John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Uingereza nzima. Ruskin akiandika leo kwamba wewe ni mbovu, kesho mnunuzi anarudi kudai chenji. Mwezi Julai akaandika kwamba ni ufidhuli mtu kudai gini 200 kwa kuwarushia watu kopo la rangi usoni. Whistler akamshtaki kwa kumharibia jina, akadai pauni 1,000.

Kabla hatujaingia kortini, naomba tumtendee haki huyu Ruskin. Mwaka 1842 mzee Turner, mchoraji wa Kiingereza, alionyesha picha ya meli ndani ya dhoruba ya theluji, mawimbi na moshi na hewa vyote vimesokotwa pamoja, na ikasemwa kwamba hilo ni povu la sabuni na chokaa ya ukutani. Mwaka uliofuata akajitokeza kijana wa miaka 24 akatoa kitabu kizima kumtetea Turner: kwamba anachokiona huyu mzee ndiyo kweli, ni nyinyi hamjui kutazama. Kijana yule alikuwa Ruskin! Miaka 34 baadaye amekaa upande wa pili wa meza. Sijapata maelezo ya jambo hili yanayonitosha. Labda kila mtu ana picha moja tu ya kurusharusha anayoweza kuisamehe, nayo ni ile aliyoipenda ujanani.

Kesi ilisikilizwa Novemba 1878, siku mbili. Ruskin hakufika, alikuwa mgonjwa. Upande wake ulisimamiwa na Mwanasheria Mkuu wa serikali, Sir John Holker, ambaye alikuja tayari kuwachekesha watu. Akamuuliza Whistler alitumia muda gani kuipiga picha ile. Whistler akajibu kama siku mbili: siku moja kuifanya, na ya pili kuimalizia. Basi kumbe, akasema mwanasheria, hizo gini 200 unadai kwa kazi ya siku mbili? Whistler akasema hapana. Anadai kwa ujuzi alioupata katika maisha yake yote.

Kortini watu wakapiga makofi. Mimi nilipolisoma jibu hilo mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje nikazunguka nyumba. Mbona mimi sikuwa nalo mdomoni siku ile? Mkono wangu ulichora lile koti kwa mapigo manane kwa sababu nilikuwa nimeshachora makoti mia: ya vinyozi, ya washona nguo, ya wagombea udiwani. Ila tuseme kweli, hata ningelikuwa nalo nisingelisema. Whistler alikuwa anamjibu wakili. Mimi nilikuwa najibu mtu aliyefiwa.

Baadaye wakapanda mashahidi wa Ruskin. Mmoja wao, Edward Burne-Jones, alikuwa mchoraji mwenyewe, fundi hasa, na alikuja kwa shingo upande. Alikiri kwamba mojawapo ya zile picha za usiku ina rangi nzuri, ina hewa. Lakini haina umaliziaji. Ile ya fataki ndiyo hakuikubali kabisa. Na ili baraza lielewe umaliziaji ni kitu gani, ikaletwa mahakamani picha halisi ya mfano, mali ya Ruskin: sura ya Andrea Gritti, mtawala wa Venice, kazi ya Titian. Tazameni, hivi ndivyo mtu anavyomaliza kazi.

Hapo ndipo historia inapochekesha kuliko Holker. Kwanza, picha ile leo iko London katika National Gallery, na wataalamu wanasema si ya Titian, ni ya Vincenzo Catena. Pili, kama kuna mtu mmoja Ulaya nzima ambaye hakustahili kuitwa kutoa ushahidi dhidi ya brashi inayoonekana, basi ni Titian huyo huyo.

Twende Venice kidogo. Mwaka 1566 Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa maisha ya wachoraji, alimtembelea Titian, naye ni mzee tayari. Akaandika kwamba kazi zake za ujanani unaweza kuzitazama karibu na mbali, zimelainishwa vizuri. Lakini hizi za uzeeni zimepigwa kwa mapigo makubwa na madoa, kiasi kwamba karibu huoni kitu, na ukirudi nyuma zinakamilika. Pua na matope, kama kibandani kwangu! Vasari akaongeza onyo: wengi wanamwiga wakidhani ni kazi rahisi, wanaishia kutoa vitu vya ovyo. Inaonekana haina jasho, kumbe jasho limefichwa.

Mwanafunzi mmoja wa siku zile za mwisho, Palma Giovane, alikuja kusimulia jinsi mzee alivyofanya kazi, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka 1674, Titian akiwa amekwisha kufa tangu 1576. Alikuwa akiweka rangi ya chini kwa mapigo machache mazito, halafu anaigeuza picha iangalie ukuta. Anaiacha hivyo hata miezi kadhaa. Siku akiigeuza anaichunguza kama mtu anayemchunguza adui yake, akitafuta kosa, anarekebisha, anaigeuza tena. Mwishoni anatumia vidole kuliko brashi.

Miezi! Nalisema kwa ajili ya wale washikaji wetu wanaoleta mashairi yaliyoandikwa ndani ya basi toka Ubungo hadi Posta, na ukiwaambia warudie wanasema huo ndio mtindo wao, huru. Mimi mwenyewe nimo kwenye hesabu hiyo. Usiku wangu mmoja niliupenda mno kwa sababu ulikuwa mmoja.

Lakini aliyenikamata hasa si Titian wala Whistler. Ni mzee mmoja wa Haarlem, Uholanzi, aliyeitwa Frans Hals. Alizaliwa Antwerp kwenye mwaka 1582, akakulia Haarlem na kufanya kazi humo maisha yake yote. Haarlem ilikuwa na maofisa wa mgambo waliopenda kula, na waliopenda zaidi kuchorwa wakila. Hals aliwachora tangu 1616, meza imejaa, mishipi ya rangi, kola za lesi. Ukiitazama lesi hiyo kwa karibu (nasema karibu ya kitabuni, maana Uholanzi sijafika, na kwenye karatasi unene wa rangi unalala bapa kama chapati) huoni lesi. Unaona brashi imepita kwenda na kurudi, kama mtu anayejaribu kalamu kama ina wino. Hadi leo hakuna hata mchoro mmoja wa kalamu au makaa unaojulikana kwa uhakika kuwa wake. Inaelekea alikuwa anaanza moja kwa moja na brashi.

Maisha yakamgeuka. Ujana wake wateja walikuwepo; uzeeni, Uholanzi ilikuwa imeanza kupenda picha laini, za kung'aa kama kigae, ambazo hutambui mkono umepita wapi. Mwaka 1654 mwoka mikate aliyekuwa anamdai alichukua vitu vyake: magodoro matatu na mito yake, kabati, meza, na picha tano. Mwaka 1662 mzee akaomba msaada kwa halmashauri ya mji. Wakampa, na mwaka 1664 wakampangia gilda 200 kwa mwaka, pamoja na shehena tatu za ule udongo mkavu wa kukokea moto wakati wa baridi.

Na katika kipindi hicho hicho, akiwa amevuka miaka 80, alipewa kazi ya kuchora bodi ya nyumba ya kutunzia wazee wasiojiweza: picha moja ya wanaume wasimamizi, na moja ya wanawake. Hizi picha mbili, nduguzanguni, sijui niwaambieje. Nyeusi tupu, na mahali palipo na uso au mkono ndipo pana mwanga. Wale akina mama wanakutazama kama kamati inayosikiliza ombi lako la mkopo. Mmoja ana mkono umelala gotini. Mkono wenyewe ni mapigo machache ya rangi, hayakuunganishwa, mfupa na mshipa na uchovu vyote vimo. Vikofia na kola ni michirizi tu.

Watu walikuja baadaye wakatunga habari. Kwamba Hals mwenyewe alikuwa analala katika nyumba hiyo ya wazee, si kweli. Kwamba yule msimamizi ambaye kofia imemkaa upande alikuwa amelewa, na mchoraji alilipiza kisasi cha kunyimwa mkate; nalo halina ushahidi. Kwamba mapigo yale yametapakaa kwa sababu mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka, au alikuwa mlevi. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Mtu akichora laini tunasema ni fundi. Akiacha brashi ionekane tunaanza kutafuta ugonjwa wake.

Hals alifariki mwaka 1666. Kwa karibu miaka 200 hakusemwa sana, na aliposemwa ilikuwa kama mfano wa kipaji kilichopotezwa. Aliyemfufua ni Mfaransa Théophile Thoré, mwandishi aliyeishi miaka mingi uhamishoni kwa sababu za siasa, aliyeanza kumsifu kwa nguvu katika miaka ya 1860. Wachoraji wakaanza kupanda treni kwenda Haarlem. Manet alikwenda mwaka 1872. Naye Vincent van Gogh, Oktoba 1885, alitembelea jumba la makumbusho Amsterdam, akarudi akamwandikia mdogo wake Theo barua ndefu: kwamba Hals ana weusi wa aina 27, si chini ya hapo, na kwamba ile mikono yake iko hai ingawa haikumalizwa kwa maana wanayoitaka watu siku hizi.

Paris nitapita haraka, inajulikana. Kule akademia ilikuwa imefundisha kwamba picha iliyoiva ni ile iliyolambwa, ndivyo walivyosema wenyewe, kana kwamba ulimi umepita juu yake. Tarehe 15 Aprili 1874 kundi la watu kama 30, wakiwemo Monet, Renoir, Degas, Pissarro na dada mmoja Berthe Morisot, walifungua maonyesho yao wenyewe katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, kiingilio faranga moja. Katika mwezi mmoja wakapata watazamaji kama 3,500, wengine wamekuja kucheka. Siku kumi baadaye Louis Leroy akawaandika gazetini kwa dhihaka, akisema karatasi ya kubandika ukutani, hata kabla haijakamilika, imemalizwa kuliko ile bahari ya Monet. Unaona? Neno ni lile lile. Na jina alilowabandika kwa kejeli ndilo wanaloitwa mpaka leo.

Ila kuna jambo dogo la ufundi ambalo vitabu vinalitupa chini ya ukurasa, nami nalipenda kwa sababu nashinda nikinunua rangi. Zamani rangi ya mafuta iliwekwa ndani ya kibofu cha nguruwe, unakitoboa, ukishakitoboa kinaanza kukauka. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, alipata hataza ya kimfuko cha bati laini chenye kifuniko, kama hiki cha dawa ya meno. Rangi ikawekwa mfukoni, mtu akaenda nayo ufukweni. Na ile pete ya chuma inayobana manyoya ya brashi iliwezesha kutengeneza brashi bapa, pana, inayoacha alama ya mraba. Ile alama unayoiona kwenye maji ya Monet imeanzia kwa fundi bati.

Sisi huku hatukulelewa na kibofu wala akademia. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli, alitupa chui mwenye madoa safi, mpaka umekatwa vizuri, rangi imelala sawa. Nakubali, nimekua nikimtazama yeye. Mteja wangu pia. Nikimlaumu kwamba hakukielewa kile kipande cha matope nitakuwa namlaumu kwa kukulia Dar es Salaam.

Kortini nilimwacha Whistler amesimama. Alishinda. Baraza lilikubali kwamba amechafuliwa jina, likampa fidia: fathingi moja, yaani robo ya peni. Gharama za kesi kila mtu ajilipie. Mei 1879 akafilisika, nyumba yake mpya pale Tite Street ikauzwa, akaenda Venice (ndiyo, kwa kina Titian) kuchonga picha za sahani za shaba kwa oda ya duka moja. Ruskin naye aliacha uprofesa wa Oxford, akisema hawezi kukalia kiti ambacho sheria inaweza kumzuia kusema. Ile fataki iliuzwa mwaka 1892 kwa gini 800. Sasa iko Detroit.

Mwezi uliopita jamaa yangu amerudi. Mama naye ametangulia, na safari hii picha aliyoleta ni ya harusi, mama ana miaka kama ishirini, ushungi umeteleza kidogo, anajizuia kucheka. Akasema anataka kama ile ya mzee. Nikamwambia sawa, kaka, pole sana. Tukapatana bei. Halafu akauliza itachukua siku ngapi.

Nikamwambia wiki mbili.

Ushungi ulinichukua mapigo matano. Picha iko hapa nyuma yangu, nimeigeuza iangalie ukuta, imekauka tangu Jumanne. Leo ni siku ya tisa.